Nitajie Mmoja

Masalu alizipata habari za mke wake mnadani, mbele ya wanaume wenzake, akiwa ameshika kamba ya ng'ombe aliyekosa mnunuzi tangu asubuhi. Ng'ombe mwenyewe alikuwa na pembe moja. Kijiji kizima cha Bukalamo kilimjua ng'ombe huyo, na hakuna ambaye hakuwahi kumtania Masalu kuhusu ile pembe iliyokwenda isikojulikana. Kwa hiyo alipomwona Kija anamjia huku anatabasamu, alijiandaa kwa utani wa kila siku.

"Mwenzangu," Kija alisema, "tumesikia Mama Shigela ameanza biashara."

"Biashara gani?"

"Ya kuuza magonjwa."

Wawili wakacheka. Wa tatu hakucheka, na huyo ndiye aliyemuuma Masalu zaidi.

"Wapo watu wa utafiti wametoka Mwanza na gari lao na kompyuta zao," Kija aliendelea. "Wamejifungia na mkeo pale zahanati, wanapiga picha vitabu vya wagonjwa, ukurasa kwa ukurasa. Yaani mimi tumbo liliniuma miaka kumi iliyopita, leo mtu amekaa zake mjini huko anasoma tumbo langu!"

"Umeona kwa macho yako?"

"Mke wangu alikuwepo na mtoto. Anasema kuanzia leo atatibiwa Sengerema." Kija akasogea karibu, akapunguza sauti, na utani ukaisha hapo. "Masalu, kuna mambo mke wangu alimwambia mkeo kabla hajaniambia mimi. Likivuja neno, sitauliza limevujia wapi."

Akatoa kichupa chake cha ugoro. Akampa wa kushoto, akampa wa kulia, kisha akakifunga na kukirudisha mfukoni. Masalu alikuwa hajawahi kurukwa ugoro katika mnada ule tangu aanze kunyoa ndevu. Alivuta kamba ya ng'ombe wake, akaondoka bila kuaga.

Teodora alirudi nyumbani saa kumi na moja kama kawaida yake. Alivua viatu mlangoni, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akatundika gauni lake jeupe la uuguzi msumarini. Alikuwa na miaka hamsini na minane, na ishirini na sita kati ya hiyo alikuwa ameitumia katika zahanati ileile, akiwapokea watoto ambao leo waliwaleta watoto wao. Alipogeuka alimkuta mumewe amesimama katikati ya sebule.

"Ni kweli?"

"Kweli ipi, Baba Shigela?"

"Kwamba unawapa watu wa Mwanza vitabu vyetu."

"Vitabu haviondoki zahanati. Wana kibali cha halmashauri, na kingine cha kamati inayowasimamia huko kwao. Majina hawachukui. Wanachotaka ni kujua watu wa ufukwe huu wanaugua nini, wana umri gani, na wangapi hawaponi."

"Sasa ugonjwa bila jina ni wa nani?"

"Ni wa wote. Ndiyo maana wanauhesabu."

"Leo nimerukwa ugoro, Mama Shigela."

Teodora alitaka kucheka. Alipouona uso wa mumewe akakimeza kicheko chake.

"Kesho ukawaambie waondoke," Masalu alisema.

"Sitawaambia."

Katika mambo mengi ya nyumba ile Teodora alikuwa mtu wa kusikilizana. Lakini ya zahanati yalikuwa ya zahanati. Kijiji kilidhani Masalu anajua siri za kila mtu kwa sababu analala na muuguzi, kumbe maskini wa Mungu hakujua lolote. Alikuwa akienda kwenye msiba anauliza marehemu alikuwa anaumwa nini, kama mgeni, hali mke wake ndiye aliyemwandikia rufaa. Na katika ukimya huo wa Teodora kulikuwa na jambo moja ambalo Masalu hakuwahi kumsamehe.

Miaka tisa iliyopita mwana wao Shigela alianza kutapika damu alfajiri. Walimpitisha zahanati, kisha wakambeba kumpeleka hospitali ya Mwanza, wakafika Busisi, wakakuta kivuko kiko ng'ambo. Shigela alifia kwenye foleni, katikati ya lori la mananasi na basi, kichwa kikiwa mapajani kwa mama yake. Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Siku moja kabla alikuwa amekunywa uji kwa Kashindye, mjane wa kaka yake Masalu, ambaye nyumba yake ilipakana na yao. Kijiji kikajumlisha uji na damu. Mganga wa ng'ambo ya kilima akamalizia hesabu.

Teodora, akiwa bado na kitambaa cha msiba kichwani, alimwambia mumewe, "Hakurogwa. Hiki ni kichocho cha tumbo. Kinakaa ndani miaka, kinaharibu ini, mpaka siku moja mishipa inapasuka. Nimekiona hapahapa."

"Umekiona kwa nani? Nitajie mmoja."

"Siwezi."

"Mmoja tu, Mama Shigela! Niende nikawaambie wale wanaume."

"Siwezi, Masalu. Nikimtaja wa mwenzio leo, kesho nitamtaja wa nani?"

Alikuwa analia aliposema hivyo. Masalu aliona kwamba analia kwa kuwa hana wa kumtaja. Wanaume walipokuja wakiongozwa na Kija kumuuliza kama anataka Kashindye aendelee kukaa pale, aliwajibu, "Mimi sijui." Neno hilo liliwatosha. Wiki haikuisha kabla Kashindye hajaondoka na begi moja na kuku wawili, kwenda Pasiansi, Mwanza, kwa binti yake. Nyumba yake ilibaki na kufuli, na mvua zikaanza kuumega ukuta wa nyuma.

Asubuhi iliyofuata Masalu alikwenda zahanati kuwafukuza watafiti mwenyewe. Alikuta benchi la nje lina mama mmoja tu na mtoto mwenye homa. Siku nyingine benchi lile halitoshi, watu hukaa mpaka kwenye nyasi. Yule mama alikuwa Gladness, mwenye kibanda cha dagaa. Alimwamkia, "Shikamoo mzee," na Masalu akaitikia, akaketi chini ya dirisha lililokuwa wazi ili kwanza asikie adui anasema nini.

Adui alikuwa msichana mwembamba wa kule Mara aliyeitwa Dokta Akinyi, pamoja na kijana wa kompyuta, Gidion. Hellen, muuguzi mdogo wa pale, alikuwa anafungua vitabu. Gidion aliweka rula juu ya safu ya majina, akapiga picha, akafunua.

"Mama, tuletee kiti kingine basi," Gidion alisema bila kuinua macho, kama anayemwambia mfagiaji. Teodora akaleta kiti. Masalu pale nje aliona masikio yake yanapata moto, na akajishangaa, maana alikuwa amekuja kumgombeza mwanamke yuleyule.

Teodora alisimama nyuma ya Gidion akitazama picha mbili, tatu. Kisha akaweka kiganja juu ya ukurasa.

"Ngoja kwanza. Hiyo safu ya mwisho mnaipiga pia?"

"Ya maoni? Ndiyo, mama. Inatusaidia kujua kama mgonjwa alirudi," Dokta Akinyi alijibu.

Teodora alifunua kitabu cha miaka sita nyuma, akatafuta kwa kidole, akafunika mistari yote isipokuwa mmoja. "Kijana, soma hapa kwa sauti. Ruhusa natoa mwenyewe, ni mstari wangu. Jina liache."

Gidion akasoma, "Mwanamke. Miaka hamsini na mbili. Kitongoji cha Ziwani. Malaria. Maoni: nyuma ya kanisa, bati la kijani, uliza kwa mzee wa ng'ombe wa pembe moja."

Nje, Gladness aliangua kicheko mpaka mtoto akashtuka. "Jamani, si Mama Shigela huyo! Mwenye ng'ombe wa pembe moja ni mzee Masalu, huyu hapa!"

Ndani, Hellen aliziba mdomo, maana mwandiko ulikuwa wake.

"Mmesikia?" Teodora alisema. "Mtu yuko nje, hajaona kitabu, ameshajua ni mimi. Mimi ndiye niliyewafundisha wasichana kuandika hivyo. Wake wengi wa hapa hawatamki jina la baba mkwe, na ndilo jina la nyumba yao. Na akina Mihayo tunao kumi na mmoja. Mgonjwa akikatisha dawa nitampataje? Kwa hiyo naandika njia ya kwenda kwake. Ninyi mmefunika jina, mmeacha njia."

"Hakuna atakayesoma huko ofisini, mama," Gidion alisema. "Ni namba tu tunazoingiza."

"Ofisini kwenu hakuna mtu aliyezaliwa ufukwe huu?"

Dokta Akinyi alikuwa amekaa na mikono mapajani, uso umemshuka.

"Kosa ni langu," alisema mwishowe. "Niliona vitabu vya mjini, nikadhani vyote viko hivyo. Gidion, tumepiga kurasa ngapi?"

"Themanini na mbili. Dokta, hiyo ni kazi ya siku mbili."

"Futa. Mbele yake, na kwenye kompyuta pia."

"Na kitongoji?" Teodora aliuliza, maana alikwishaanza na hakuwa mtu wa kuacha kazi katikati. "Kuna kitongoji hapa kina nyumba tisa. Ukiandika bibi wa miaka themanini na nne, wa kitongoji hicho, umemtaja."

Dokta Akinyi akachukua kalamu. Wakakubaliana kwamba vitongoji vitaondolewa na kubaki ukanda wa ufukwe tu, na umri utaandikwa kwa makundi. Kuhusu maoni, picha haitapigwa mpaka safu ile ifunikwe sawasawa, na kama mgonjwa alirudi au hakurudi Teodora ataweka alama yake mwenyewe. Yule msichana msomi aliandika kila kitu alichoambiwa na muuguzi wa kijijini, akamsomea tena ili kuhakiki. Gidion alinyanyuka, akampisha Teodora kiti.

Masalu aliondoka benchini bila kuingia. Jioni Teodora alimuuliza, "Hellen anasema ulikuja. Ulitaka kusema nini?"

"Nilikuwa napita tu," alijibu.

Kesho yake alimfuata Kija mpaka zizini kwake. Akamweleza alichokisikia: picha zilivyofutwa, na binti wa watu alivyokiri kosa. Kija alimsikiliza hadi mwisho huku anatafuna kijiti. Ugoro hakutoa, ila wiki ile mke wake alionekana tena kwenye benchi la zahanati.

Kilichobaki kilikuwa ni kufunika. Rula haikutosha, maana safu zilikuwa tatu na vitabu vya miaka kumi na minne, kila kimoja na upana wake. Teodora alileta nyumbani maboksi matupu ya dawa na karatasi yenye vipimo. Jumapili baada ya kanisa alikaa kwenye mkeka uani akikata vipande vya boksi kwa mkasi, na mkasi ukawa unamkatalia.

"Lete," Masalu alisema. Alikuwa amewahi kuwa fundi seremala kabla mgongo haujamgomea. Alichukua kisu na ubao, akapima, akakata kifuniko chenye madirisha, kiasi kwamba ukikilaza juu ya ukurasa unaona umri, jinsia, ugonjwa na dawa, basi. Jina halionekani, wala kitongoji, wala njia.

Alikata cha pili, na cha tatu. Mkewe alikuwa analainisha kingo kwa jiwe. Hapo tu ndipo Masalu alipopata nguvu ya kuuliza alichokuwa nacho rohoni.

"Shigela yumo humo?"

"Kila aliyekuja yumo."

"Nani alimwandika?"

"Mimi. Tulipotoka kuzika, nilirudi kazini siku ya nne. Nikaona ule mstari wa asubuhi ile uko wazi, Hellen ameogopa kuujaza. Nikaujaza." Alipuliza vumbi la boksi. "Mwandiko ni mbaya, lakini nilimwandika kama nilivyowaandika wengine. Umri, dalili, saa. Nilijiambia kwamba ipo siku atatokea mtu wa kuhesabu, na akihesabu mwanangu asikosekane."

Masalu aliendelea kukata. Alikuwa ameishi na mwanamke huyu miaka thelathini na tisa, na alikuwa amemwona anapika, anazaa, analia, anasinzia kanisani. Siku hiyo alijiona kama mtu aliyekaa jirani na kitu kikubwa muda wote na hajawahi kuinua macho. Hakumwambia. Alikata vifuniko kumi na vinne, kimoja kwa kila kitabu, akaviandika mwaka kwa kalamu ya mkaa.

Miezi minane ikapita. Kisha tangazo likaja kwamba watafiti wanarudi kuleta majibu, na hilo peke yake liliwashangaza watu, maana wengi walikwishapimwa na kuulizwa maswali na wageni ambao hawakuonekana tena. Mkutano ulifanyika ndani ya ghala la pamba la chama cha msingi, kwa kuwa mvua ilikuwa inanyesha. Watu walikaa juu ya magunia. Masalu alikaa nyuma, karibu na mizani. Teodora alikuwa mbele pembeni, na gauni lake jeupe, mikono imeshikana.

Dokta Akinyi alitundika karatasi kubwa ukutani. Hakuongea kisomi. Alisema walisoma vitabu vya zahanati tisa za ufukwe huu, vya miaka kumi na minne, na humo walikuta watu mia mbili na kumi na wanne waliofika wakitapika damu. Wengi hawakuwa watoto. Walikuwa watu wazima wa kati ya miaka ishirini na mitano na hamsini, wenye nguvu zao, wanaovua, wanaofua, wanaochota maji.

"Kila mwaka dawa za kichocho zinagawiwa shuleni," alisema. "Watoto wanakunywa, na ni vizuri. Ila ninyi mnaoingia ziwani kila siku ya Mungu, hakuna aliyewapa. Kichocho kimekaa ndani yenu tangu utoto, kimya. Namba hizi tumezipeleka wilayani. Wamekubali. Mwezi ujao dawa zinaletwa kwa watu wazima pia."

Kisha akaonyesha nguzo zilizochorwa pale, moja moja, mwaka kwa mwaka. Masalu hakuwa na macho ya kusoma kwa mbali, lakini masikio yalikuwa mazima. Alisubiri mwaka wa Shigela kama mtu anayesubiri kuitwa mahakamani.

"Mwaka huu hapa, thelathini na mmoja," Dokta Akinyi alisema, akaugusa kwa kidole, akapita.

Thelathini na mmoja. Masalu alishika nguzo ya mizani. Mmoja alikuwa wake. Hao thelathini walikuwa wamekunywa uji wa nani?

Mzee mmoja aliuliza kutoka kwenye magunia, "Hao watu ni akina nani?"

"Sijui, mzee wangu. Sijui kweli, na hata nikitaka kujua siwezi. Aliyetunza vitabu vyenu alihakikisha hivyo."

Vichwa vyote vikamgeukia Teodora. Alikuwa anatazama kucha zake. Alijua kwamba akimtazama yeyote mle ndani atakuwa amesema jambo, kwa hiyo hakumtazama yeyote. Mle ghalani kila nyumba ilikuwa inahesabu ya kwake.

Masalu akasimama.

"Miaka tisa iliyopita," alisema, akavua kofia, akaanza upya. "Miaka tisa iliyopita nilimwambia mke wangu, nitajie mmoja. Hakunitajia. Nikaona hana. Kumbe alikuwa nao, na mimi nikimchoma kila siku kwa maneno, na kanisani anakaa nao benchi moja, na hakufungua mdomo. Hata kwa ajili ya mtoto wake hakufungua. Leo mimi nitawatajia mmoja, kwa kuwa ni wangu, na ruhusa natoa mwenyewe. Shigela, mwana wa Masalu. Miaka ishirini na tisa. Alitapika damu alfajiri, akafia Busisi. Hakurogwa na mtu. Alikunywa uji kwa shemeji yangu Kashindye, na uji ule ulikuwa uji."

Alifuta uso kwa kofia. "Mlikuja kuniuliza, nikasema sijui. Ningeweza kusema hapana. Sikusema. Hilo ni langu, msimbebeshe mwingine."

Aliketi. Halafu Kija, ambaye hakuwahi kumalizia kitu bila maneno mengi, alisimama na kusema kwa ufupi, "Na mimi nina mmoja. Mdogo wangu." Akaketi. Gladness akasimama na mtoto mgongoni: "Mama yangu mzazi." Akafuata mwanamume mmoja wa mitumbwi, akafuata mwalimu. Mpaka mvua inakatika walikuwa wamesimama kumi na mmoja. Teodora alikuwa analia waziwazi sasa, machozi yakidondokea gauni jeupe, lakini kwa hao wote hakuitikia kwa kichwa hata mara moja.

Jumamosi ile Masalu alipanda basi kwenda Pasiansi. Alivuka daraja lililojengwa mahali pa kivuko. Alikuwa amelivuka mara mbili tangu lifunguliwe, na mara zote mbili alijitahidi kutazama mbele. Safari hii alitazama chini, pale Busisi, palipokuwa na foleni ya kivuko, akahesabu dakika. Hazikufika tano. Alilia mpaka jirani yake kwenye kiti akampa leso.

Kashindye alikuwa nje ya nyumba ya binti yake, anaanika dagaa juu ya turubai. Alikuwa amezeeka vibaya. Hakunyanyuka.

"Shemeji," Masalu alisema.

"Nakusikia."

Akamweleza yote, amesimama, maana hakukaribishwa kiti: vitabu, vifuniko, thelathini na mmoja, ghala la pamba. Kashindye aligeuza dagaa wake kwa mkono mpaka alipomaliza.

"Na hicho kitabu kiliandika jina langu?"

"Hapana. Hakikuandika jina la mtu."

"Basi kitabu kina adabu," Kashindye alisema. "Jina langu mliliandika ninyi."

Masalu alipiga magoti pale mchangani, mwanamume wa miaka sitini na moja, mbele ya watoto wa jirani waliokuwa wanacheka. Kashindye alimwacha hapo kwa muda ambao Masalu aliuona mrefu kuliko safari nzima. Mwisho akasema, "Inuka, utachafua dagaa." Hakusema zaidi ya hapo, na Masalu alirudi Bukalamo bila kujua amesamehewa au la.

Wiki iliyofuata alianza kuukandika ule ukuta wa nyuma wa nyumba ya Kashindye. Siku ya pili Kija alifika na beleshi lake. Walichanganya udongo kimya kimya, na walipopumzika Kija akatoa kichupa cha ugoro, akampa Masalu wa kwanza.

Siku ya dawa ilipofika, foleni ilianzia mlango wa zahanati ikaishia kwenye lango la shule. Dawa za kichocho zinachefua kwa mtu mwenye njaa, kwa hiyo Hellen alikuwa amepika masufuria mawili ya makande. Kila mtu alisimamishwa kwenye kijiti cha vipimo ili urefu wake useme anywe vidonge vingapi, na wazee wakataniana kwamba hawajapimwa urefu tangu jeshini. Kabla ya hapo kulikuwa na meza ya kuandikisha, na mbele ya meza Teodora alikuwa amechora mstari kwa chokaa. Anayesubiri alisimama nyuma ya mstari, asisikie ya mwenzake. Maelekezo ya nyumba siku hizi yalikuwa na daftari lake dogo, lenye kasha na ufunguo, na ufunguo ulining'inia shingoni mwake.

Masalu alikuwa nyuma ya mstari wa chokaa. Aliyekuwa mbele yake alikuwa amefika na basi la saa tatu. Alikuwa na begi moja, na mkononi ameshika kuku wawili waliofungwa miguu. Alipotokea, watu kumi wa mbele, Masalu akiwemo, walisogea kando, wakampisha apite. Hakumshukuru hata mmoja. Alipita.

Teodora alimtazama Kashindye kwa muda mrefu. Lakini kazi ilikuwa kazi.

"Jina?"

"Unalijua."

"Nalijua. Ila lazima uliseme mwenyewe."

"Kashindye, mjane wa Ng'wandu."

"Umri?"

"Sitini na sita."

Teodora aliandika. Kisha akavua ufunguo shingoni, akafungua kasha, akatoa lile daftari dogo. Akainama mbele, akauliza kwa sauti ya chini kama alivyowauliza wote, ili wa nyuma ya mstari asisikie, "Unakaa wapi, dada yangu? Nikikutafuta, nitapita njia gani?"

Kashindye aliwaweka kuku wake juu ya meza. Akageuka, akaitazama foleni yote, kuanzia mlangoni hadi lango la shule, akajibu kwa sauti iliyofika mwisho wake.

"Andika hivi: nyuma ya kanisa, nyumba inayopakana na bati la kijani. Ukipotea, uliza kwa mzee wa ng'ombe wa pembe moja. Ni shemeji yangu."

Teodora akaandika.